Usiniambie Hiki ni Chakula cha Wahindi

Kamati ya harusi ya binamu yangu ilikaa Mitole mwezi uliopita, chini ya mwembe wa mjomba, na ajenda ya siku ile ilikuwa chakula. Pilau ilipita bila mjadala. Kachumbari ikapita. Soda zikapita baada ya mvutano mdogo. Mimi niliyetoka Dar es Salaam nikanyoosha mkono nikasema tuongeze sufuria moja ya mbaazi na nyama ya mbuzi, zile mbaazi nzito za manjano anazopika bibi. Pakawa kimya, kisha vicheko. Katibu wa kamati akasema, "Hicho ni chakula cha Wahindi, ndugu yangu." Shangazi hakumwacha hata amalize: "Mbaazi kwenye harusi? Watu watasema tumefilisika."

Nimekaa na majibu hayo mawili wiki nne sasa, na kila nikiyarudia nazidi kukasirika. La kwanza linasema chakula hiki si chetu, ni cha matajiri wa mjini. La pili linasema ni chetu mno, ni cha siku ambayo nyumba haina samaki. Hayawezi yote mawili kuwa kweli, lakini yalishirikiana kuiangusha sufuria moja ndani ya dakika moja, na hakuna aliyeona ajabu. Hata bibi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akipepeta ufuta, alitabasamu tu.

Naandika haya kuyapinga yote mawili. Harusi itapita. Lakini maneno hayo yalishawahi kutugharimu sana, na ukinivumilia nitakueleza gharama yake kwa kilo na kwa shilingi.

Tuanze na chakula chenyewe. Mikahawa ya Upanga na Kisutu hukiita dal gosht. Dal ni nafaka za jamii ya kunde zilizokobolewa na kupasuliwa. Gosht ni nyama. Kina ndugu wengi. Waparsi, ambao Zanzibar ilikuwa na jamii yao, wana dhansak, wanayochanganya dal za aina kadhaa na boga na biringanya. Kwa desturi yao huila siku ya nne baada ya msiba, kufungua siku tatu za kukaa bila nyama, na kwa hiyo hawaipiki kwenye sherehe. Hyderabad wana dalcha yenye ukwaju, na wana haleem, ambayo ngano, dengu na nyama hupondwa pamoja mpaka huwezi kutenganisha kimoja na kingine. Haleem ya Hyderabad ilipewa mwaka 2010 ulinzi wa kisheria wa jina, kama zao la mahali pake, ili mtu wa mji mwingine asiuze uji wake kwa jina hilo.

Sasa sikiliza hili. Mojawapo ya dal kuu za vyakula hivi inaitwa toor, au tuvar. Toor ni mbaazi. Sisemi zinafanana na mbaazi. Ni mmea uleule, Cajanus cajan, ulio nyuma ya nyumba ya mjomba na ambao mbuzi wa jirani wanaula majani sasa hivi wakati unasoma. Tofauti ni kwamba wenzetu wanaondoa ganda na kuipasua punje, nasi tunaichemsha nzima.

Bibi anaiondoa ganda. Analoweka mbaazi kavu usiku, anazianika juani siku mbili mpaka zirudi kuwa ngumu, kisha anazitwanga kwenye kinu kidogo kidogo, bila kuponda, mpaka maganda yaachie na punje zipasuke. Anapeta kwa ungo. Kinachobaki ni manjano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Nyama ya mbuzi, yenye mifupa, anaichemsha kwanza na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi. Mbaazi anazitia na bizari ya manjano na maji, zinalainika upesi, anazikoroga kwa mwiko mpaka zivurugike. Ndipo anakaanga vitunguu mpaka viwe vya kahawia, anatia bizari nyembamba na giligilani, anamwaga vyote kwenye sufuria ya mbaazi na nyama. Mwisho ukwaju. Ukwaju ukikosekana, embe bichi. Na kabla ya kuepua anatia kitu ambacho mkahawa wa Upanga hauna: bakuli la tui zito la nazi. Tunakula kwa ugali wa muhogo.

Nyumbani kwetu chakula hicho kinaitwa "mbaazi za Kivinje", kwa sababu mama yake bibi alijifunza kukipika Kilwa Kivinje, jikoni kwa mwenye duka mmoja wa Kihindi, alikofanya kazi ya upishi tangu akiwa msichana mpaka alipoolewa bara. Aliamka kabla ya adhana kuwasha moto. Alikoboa, alipeta, alisaga bizari, alikoroga. Mwenye nyumba alikuja mezani chakula kikiwa tayari. Sasa niambie, kwa miaka ile yote, hicho kilikuwa chakula cha nani? Ukisema cha Wahindi, umemfuta mtu mmoja pale jikoni, na mtu huyo ni mama wa bibi yangu.

Najua jibu linalokuja, na ni jibu la heshima. Watu wa Kilwa hawakuwachukia wenye maduka bila sababu. Katika karne ya 19 Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa, iliyoleta pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, na sehemu ya mtaji wa biashara ile ilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Maji Maji ilipoanza mwaka 1905, baada ya Wamatumbi kung'oa pamba ya kulazimishwa, maduka ya Samanga yalikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuchomwa. Sitaki kuisafisha historia hiyo ili nipate kula. Mama wa bibi mwenyewe hakuwa mgeni katika nyumba ile. Alikuwa mtumishi, na sidhani kama aliwahi kukaa kwenye kiti cha meza aliyoiandalia.

Lakini angalia tulichokisamehe na tulichokikataa. Pilau ilitoka huko huko ng'ambo. Biriani pia. Chapati, sambusa, achari, chai ya maziwa yenye tangawizi: hakuna kamati ya harusi kuanzia Kilwa mpaka Kigoma inayovikataa kwa kuwa ni vya Wahindi. Kwa hiyo asili haijawahi kuwa kipimo chetu. Kipimo ni kwamba pilau hupikwa kwa mchele, na mchele ni wa kununua, unaonyesha mfuko. Mbaazi zinaota nyuma ya nyumba. Neno "Wahindi" lilikuwa kisingizio cha katibu. Aliyesema ukweli ni shangazi. Tunaona aibu kuwawekea wageni kitu tulichokilima wenyewe.

Na hata mbaazi yenyewe, wataalamu wa mimea wanasema asili yake ni bara Hindi, ikavuka kuja Afrika zamani sana. Mihogo ya ule ugali ilitoka Amerika. Ukianza kurudisha kila kitu kwao, Mitole itabaki na mtama na maji ya kisima.

Sasa nije kwenye gharama.

Mwaka 2015 mjomba aliuza mbaazi kwa zaidi ya shilingi 2,000 kwa kilo. Aliezeka nyumba bati, akanunua pikipiki, akanilipia mimi ada ya kidato cha sita. Hakuna Mitole aliyeuliza kwa nini bei imepanda, riziki haiulizwi. Ilikuwa imepanda kwa sababu mvua zilikuwa mbaya India, nchi inayolima na kula mbaazi nyingi kuliko nyingine yoyote duniani, na wanunuzi wake walikuwa wakitafuta popote. Mjomba akapanua shamba. Wakulima wa India nao, wakifuata bei ileile, wakapanua yao. Mvua zikarudi, wakavuna kupita kiasi, na tarehe 5 Agosti 2017 serikali yao ikaweka ukomo: mbaazi za kuingizwa nchini zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Walikuwa wanawalinda watu wao. Siwalaumu. Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma, walikuwa wameshaingia makubaliano na India mwaka uliotangulia ili mbaazi zao zinunuliwe. Sisi hatukuwa nayo.

Agosti ndipo mbaazi zinapokomaa huku kwetu. Mjomba alivuna magunia 11. Mnunuzi wa kwanza alimtajia shilingi 150 kwa kilo. Mjomba akamwambia arudi siku akiwa na akili timamu. Hakurudi, wala mwingine hakuja.

Desemba ile nilirudi likizo kutoka chuoni. Nilikuta magunia 11 chumbani kwa mjomba, yamepangwa mpaka dirishani, fukusi wameshaanza kutoboa. Jioni ya siku niliyofika nilitumwa dukani kununua maharage. Nusu kilo, maharage ya kutoka Mbeya, yaliyosafiri nusu ya nchi kuja kupikwa kwenye nyumba yenye zaidi ya tani moja ya mbaazi chumbani. Nikanunua nikarudi. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimesoma nadharia za maendeleo na nimefaulu, na sikuona chochote cha ajabu mkononi mwangu.

Aliyeona ni bibi. Alikaa mlangoni akatazama ile mfuko ya maharage, akamwambia mwanawe, "Mna chakula humo ndani, mnakilinda kama maiti."

Mjomba akasema, "Mama, zile ni mbaazi za kuuza."

Ni sentensi hiyo ninayoipinga. Zile ni mbaazi za kuuza. Akilini mwake zilikuwa zimeshaacha kuwa chakula. Zilikuwa mali ya mnunuzi aliyechelewa kuja. Na alikuwa na sababu zake, sitaki kumdhalilisha: mbaazi kavu nzima zinachukua saa nyingi kuiva, zinakula kuni, na watoto wakizila za nazi siku nne mfululizo wanagoma. Lakini mambo yote hayo matatu, muda, kuni na kuchosha, bibi alikuwa na dawa yake. Ukikoboa na kupasua, zinaiva kwa muda mfupi sana. Ukitia nyama kidogo na ukwaju, hazifanani tena na mbaazi za jana. Dawa ilikuwa imekaa nyumba ya pili, na hakuna aliyeiomba kwa sababu tulikuwa tumeshaiweka kwenye kabati la vitu vya Wahindi.

Miaka miwili baadaye, nikiwa Dar na kazi yangu ya kwanza, niliingia duka kubwa la vyakula nikaona pakiti ya nusu kilo imeandikwa toor dal. Imefungwa India. Shilingi 3,500. Niliigeuza mikononi kama mtu aliyekutana na ndugu yake amebadili jina. Siwezi kukuapia kwamba punje zile ziliwahi kuota Kilwa. Ninachojua ni kwamba sehemu kubwa ya mbaazi zetu huondoka nchini zikiwa nzima, na kazi ya kuzikoboa, ambayo ndiyo inayozifanya ziitwe dal na kubandikwa bei, inafanyika kwingine. Kazi hiyo hiyo bibi anaifanya kwa kinu na ungo.

Hapa wasomi wenzangu hunikatiza. Wanasema: mchuzi haulipi ada. Mkulima anahitaji fedha, na fedha iko India. Unataka kumrudisha kwenye kilimo cha kujikimu kwa sababu ya mapenzi yako na bibi.

Mchuzi haulipi ada, kweli. Mjomba auze, na auze vizuri. Lakini kuna tofauti kati ya muuzaji anayeweza kusema hapana na muuzaji asiyeweza. Mwenye kuku akikosa bei sokoni anarudi naye, anamchinja, nyumba inakula. Mnunuzi analijua hilo, na ndiyo maana hamtajii bei ya matusi. Mjomba alitajiwa shilingi 150 kwa sababu mnunuzi alijua kwamba zile mbaazi, zisipomfikia yeye, zitaliwa na fukusi.

Kisha piga hesabu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Kila mmoja wetu akila kilo mbili tu za mbaazi kwa mwaka, ambazo hazifiki hata mlo mmoja kwa wiki, ni zaidi ya tani 120,000. Hiyo ni zaidi ya nusu ya ukomo ule wa tani 200,000 uliotuliza mwaka 2017. Soko tulilolililia lilikuwa na matumbo yake hapa hapa. Lilikosa mapishi, na lilikosa mtu wa kuwaambia watu kwamba si aibu.

Wengine wanasema mambo yameshatengemaa: India ilifungua tena mlango mwaka 2021, siku hizi mbaazi zinauzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, bei zimepanda, mjomba anacheka tena. Nafurahi anacheka. Ila mlango uliofunguliwa ni uleule uliofungwa, na kitasa kiko upande uleule. Mvua nzuri mbili huko Maharashtra na Karnataka zinatosha.

Na kuna wanaosema nyama ni ghali, kwa hiyo napendekeza chakula cha matajiri. Hawa hawajawahi kukipika. Nusu kilo ya mbuzi ukiikaanga inalisha watu watatu wenye adabu. Bibi akiitia kwenye mbaazi inalisha kumi, kila mmoja akipata ladha yake na angalau mfupa wa kunyonya, kwa sababu punje kavu ya mbaazi ina takriban gramu 21 za protini katika kila gramu 100 na haihitaji nyama iibebe. Yenyewe ndiyo inayoibeba nyama. Na nyama sasa Kilwa ipo. Tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu na kuelekezwa mikoa ya huku, ng'ombe na mbuzi wamejaa bara yetu, pamoja na ugomvi wake: mbaazi hubaki shambani wakati mahindi yameshavunwa, na mifugo huingia ikidhani shamba limeachwa. Sidai sufuria itamaliza kesi za malisho. Nasema tu kwamba mkulima na mfugaji wanaogombana juu ya shamba lile wana chakula kimoja kinachowahitaji wote wawili, na hakuna aliyewaonyesha.

Sisi tulio mbali na shamba tuna lawama kubwa zaidi. Tunaandika kuhusu magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, tunapiga picha msikiti mkuu, tunasema Kilwa ilikuwa dunia nzima imekutana pwani. Vizuri. Lakini kukutana kule hakukuishia kwenye mawe ya matumbawe. Kuliendelea jikoni, kwa wanawake ambao hakuna aliyewaandika, na bado kunaendelea kwenye kinu cha bibi kizee mmoja Mitole ambaye hakuna mjukuu wake hata mmoja, mimi nikiwemo mpaka juzi, aliyewahi kumwomba amfundishe. Nchi za Ghuba ziliiingiza harees kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2023. Harees ndiyo bokoboko yetu. Wao wanaandikisha, sisi tunauliza kama ni ya kwetu kweli.

Nilirudi kwa bibi baada ya kikao kile. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu. Wamekukatalia?" Nikamwambia wamenikatalia. Akasema mama yake hakuwahi kuwapikia watoto wake mbaazi zile wageni wakiwepo, alisubiri waondoke. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Aliogopa watamwona anajifanya mwenye duka." Kisha akanipa mchi.

Mikono yangu ina malengelenge ninapoandika. Kukoboa si mchezo. Nimeponda punje nyingi kuwa unga, na bibi amenicheka kwa siku mbili. Lakini nina kilo tatu za mbaazi za shamba la mjomba, zimekobolewa, zimepasuliwa, zimepetwa, na nimeshamlipa mfugaji bei ya beberu mmoja.

Kikao kijacho cha kamati ni Jumamosi saa nane mchana, wakati ambao watu wana njaa. Sitazungumza. Nitafika na sufuria, nitaiweka katikati ya mkeka na kufunua. Mwenye kupinga nitamsikiliza, akishanawa.